Kuamua kwa Niaba ya Mtu Mzima Aliyepoteza Uwezo wa Kuamua: Mwongozo Kamili

Swali ninaloulizwa mara kwa mara huja hivi: "Baba hajielewi tena. Nani sasa ana haki ya kumwamulia?"

Swali hilo limeanzia mwisho. Familia nyingi hukwama hapohapo: zinaanza na nani, zinagombana kuhusu nani, na mpaka ugomvi unaisha hakuna aliyeuliza ni uamuzi gani hasa unaotakiwa, wala kama baba mwenyewe angeweza kuufanya akisaidiwa.

Mtu hapotezi uwezo wa kuamua kwa mkupuo mmoja. Anaupoteza kwa jambo fulani, katika wakati fulani. Mama anayeshindwa kabisa kufuata mkataba wa kuuza nyumba anaweza kukueleza bila kusita nani amwogeshe na nani asimguse. Ukilishika hilo, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa nyepesi.

Mwongozo huu unahusu watu wazima tu. Watoto wana sheria zao. Na kwa kuwa sheria hutofautiana nchi hadi nchi, mambo ya kiapo, mahakama na benki yathibitishe kwa mwanasheria wa huko uliko.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari moja, si vikaratasi. Kila kitu kitaandikwa humo, pamoja na tarehe na saa.
- Orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za kununua bila cheti cha daktari.
- Karatasi za hospitali za hivi karibuni.
- Miwani yake, kifaa chake cha kusikia na betri mpya, meno yake ya bandia kama anayo.
- Hati yoyote aliyowahi kusaini: ya kumteua mwakilishi, ya kukataa matibabu fulani, au hata barua ya kawaida aliyoeleza anavyotaka kutunzwa.
- Majina na namba za watu wanaomjua kweli. Jirani anayeongea naye kila siku anaweza kumjua kuliko mtoto anayempigia simu mara moja kwa mwezi.
- Picha, au vitu halisi vinavyohusu jambo lenyewe.

Hati ndizo watu huzitafuta mwisho, wakati ndizo zinazoweza kubadilisha kila kitu. Zitafute leo.

## Hatua ya 1: Andika uamuzi wenyewe kwa sentensi moja

"Tufanyeje na mama?" si uamuzi, ni kilio. Uamuzi una kitendo kimoja, muda, na njia mbili au zaidi za kuchagua. Mfano: "Je, mama afanyiwe upasuaji wa nyonga wiki hii, au atibiwe maumivu bila upasuaji?"

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba uwezo hupimwa kwa jambo. Huwezi kumpima mtu kwa "mambo yake yote". Ukijaribu, utamkuta na hitilafu tu, kwa sababu kila mtu ana jambo lisilomwingia kichwani.

Mambo yakiwa matatu, andika sentensi tatu. Usiunganishe matibabu na mali. Mtu akionekana hawezi kuamua kuhusu upasuaji, hiyo haikupi ruhusa ya kugusa akaunti yake.

Umefaulu ikiwa mtu asiyeijua familia yenu anaweza kuisoma sentensi yako na kueleza kinachochaguliwa ni nini.

## Hatua ya 2: Uliza kama inawezekana kusubiri

Mtu aliyekuwa sawa juzi na leo anaongea maneno yasiyoeleweka, anasinzia mchana na kuona vitu visivyokuwepo, kwanza ni mgonjwa wa kutibiwa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo au mapafu, kupungukiwa maji mwilini, sukari kushuka, chumvi ya damu kupungua, hewa ya oksijeni kuwa ndogo, mkojo kuziba, hata kukosa choo kwa siku nyingi. Dawa nazo huchangia sana: za usingizi, baadhi ya za mzio, na zile kali za maumivu.

Onyo: hali hiyo ni ya dharura. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo na orodha ya dawa mkononi. Wengi wanaogunduliwa kisababishi na kutibiwa hurudi kuongea na kuamua, ingawa wengine huchukua wiki kadhaa.

Kisha tenganisha kinachoungua na kisichoungua. Mguu uliovunjika hausubiri. Nyumba inasubiri. Nimeona watu wakikimbilia kusainisha karatasi za mali mzee akiwa bado wodini na dripu mkononi, kwa kisingizio cha "kabla hali haijawa mbaya". Karatasi ya namna hiyo ni rahisi sana kupingwa baadaye, na inastahili kupingwa.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema ni sehemu ipi lazima iamuliwe leo, na umeisogeza iliyobaki mbele.

## Hatua ya 3: Msaidie aamue mwenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mimi mwenyewe niliiruka.

Shangazi yangu aliulizwa kuhusu matibabu yake saa kumi na mbili jioni, katika wodi yenye kelele. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa kwenye droo, betri imekufa. Mimi nilisimama kando ya kitanda nikimjibia kila swali, nikiamini namsaidia. Kwenye faili ikaandikwa kwamba haelewi. Asubuhi yake tukaweka betri mpya, tukafunga mlango, nikatolewa nje. Alijibu kila kitu. Alipoulizwa kwa nini jana alikaa kimya, akasema: "Huyu mtoto alikuwa anajibu vizuri, nikamwacha."

Kwa hiyo:

Chagua saa yake nzuri. Wengi wenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na fikra) huwa wazi zaidi asubuhi na huchanganyikiwa jua linapozama. Uliza mtu anayelala naye nyumba moja.

Rekebisha mwili kwanza. Miwani, kifaa cha kusikia, maumivu, haja ndogo. Mtu mwenye maumivu makali hana nafasi ya kupima faida na hasara.

Toa habari kwa vipande. Sentensi fupi, jambo moja, kisha nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Ubongo uliopata kiharusi unaweza kuhitaji sekunde zote hizo.

Onyesha. Kama jambo ni kuhamia sehemu nyingine, mpeleke akaione. Kama ni kifaa cha kutembelea, akishike.

Tumia lugha yake. Wazee wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni wanapoumwa. Mkalimani asiwe mtu mwenye kufaidika na jibu.

Toa watu chumbani. Ongea naye faragha angalau mara moja. Mtu anayemtegemea mwanawe kwa kila kitu hatampinga mbele yake.

Umefaulu ikiwa ama ameamua mwenyewe, na kazi yako imeishia hapo, ama unaweza kuorodhesha uliyojaribu, lini, na mara ngapi.

## Hatua ya 4: Pima mambo manne

Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 ya Uingereza na Wales ina kipimo ninachokipenda kwa uwazi wake, na nchi nyingine zina vinavyofanana nacho. Kuhusu jambo lile moja uliloliandika, mtu awe anaweza kufanya haya manne:

1. Kuelewa habari muhimu. Si zote, zile za msingi tu. Mwambie: "Nieleze kwa maneno yako daktari amependekeza nini." Usiulize "Umeelewa?" Mtu mwenye aibu atasema ndiyo.

2. Kuzishika kwa muda wa kutosha kuamua. Dakika kumi na tano zinaweza kutosha. Kusahau kesho yake hakufuti uamuzi wa leo, na anaruhusiwa kutumia maandishi au picha kujikumbusha.

3. Kuzitumia na kuzipima. Muulize: "Ukikubali, nini kitatokea? Ukikataa je? Kwa nini umechagua hilo?" Hapa ndipo penye ugumu. Mtu anaweza kukariri habari zote na bado ugonjwa ukamzuia kuzitumia. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishughulikia mama mjamzito aliyekubali kabisa upasuaji wa kujifungua, lakini kila akiona sindano, hofu ilimfunga akakataa. Mahakama iliona kwamba dakika ile ya hofu hakuwa na uwezo wa kuamua.

4. Kuwasilisha uamuzi kwa njia yoyote. Kupepesa jicho, kubana mkono, kunyooshea picha. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno na kumwachia fikra zake zote. Muulize jambo lilelile kwa kuligeuza: kama alibana mkono kwa "unataka kubaki?", asibane kwa "unataka kuondoka?"

Akishindwa hata moja kati ya manne, na sababu ya kushindwa ni tatizo la akili au ubongo, ndipo useme hana uwezo kwa jambo hili sasa. Hutakiwi kuwa na uhakika wa asilimia mia. Unapima lipi lina uzito zaidi. Lakini anayetakiwa kuthibitisha ni wewe. Yeye hatakiwi kuthibitisha kwamba ana akili.

### Mitego mitatu ya hatua hii

Uamuzi mbaya si ushahidi. Watu wazima wenye afya huolewa na wasiofaa, hukopa wasichoweza kulipa, huacha dawa. Ukishtushwa na uamuzi wa mtu, una sababu ya kuuliza zaidi, basi.

Jina la ugonjwa si ushahidi. Mwaka 1993 mwanamume wa miaka 68 aliyekuwa na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu aamini yasiyo ya kweli), akiwa katika Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ulinzi mkali nchini Uingereza, alikataa kukatwa mguu uliooza. Daktari wa upasuaji alikadiria kwamba bila kukatwa uwezekano wa kunusurika ulikuwa asilimia 15. Mgonjwa huyo aliamini pia kwamba yeye ni daktari mashuhuri. Hata hivyo Mahakama Kuu iliona ameelewa habari za mguu wake, ameziamini na kuzipima, na ikazuia asikatwe bila ridhaa yake ya maandishi. Hakukatwa, na akanusurika.

Mtu aliyetishwa si mtu asiye na uwezo. Kama anaelewa kila kitu ila anaogopa kumuudhi fulani, dawa yake ni kumtoa kwenye mikono ya fulani. Ukimwandika kwamba hana uwezo, umemkabidhi kwa huyohuyo.

Kwa jambo la kila siku, kama nguo za leo, mhudumu wa nyumbani anaweza kupima mwenyewe. Kwa upasuaji, anayepima ni daktari anayeutoa. Kwa mali kubwa, tafuta tathmini ya maandishi ya mtaalamu, ikitaja jambo lenyewe. Cheti kinachosema tu "hana akili timamu" hakina kazi: hakisemi kwa jambo gani, wala lini.

Umefaulu ikiwa daftari lina maswali uliyouliza na maneno yake aliyojibu, neno kwa neno.

## Hatua ya 5: Sasa uliza nani

Usidhani mke, mume au mtoto wa kwanza ana mamlaka kwa kuwa ni ndugu. Nchi nyingine zina orodha ya ndugu wanaoweza kuridhia matibabu. Nyingine hazina, na daktari ndiye mwenye jukumu baada ya kuwasikiliza. Kwa mali, udugu peke yake kwa kawaida hautoshi.

Angalia kwa mpangilio huu:

Je, alikwisha kuamua mwenyewe? Akiwa mzima huenda aliandika kwamba anakataa tiba fulani. Mahali sheria inapotambua maandishi hayo, yanafunga mikono ya kila mtu, nawe ukiwemo. Nchini Uingereza, kukataa tiba ya kuokoa maisha kwa njia hiyo lazima kuwe kwa maandishi, kumesainiwa na kushuhudiwa.

Je, aliteua mwakilishi? Soma hati mstari kwa mstari. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria za mtindo wa Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo, yaani siku ileile mnayoihitaji. Inayodumu ni ile iliyoandikwa mahsusi ili iendelee, na mara nyingi lazima iwe imesajiliwa. Angalia pia kama inahusu fedha, afya, au vyote.

Onyo: kama hana tena uwezo wa kuelewa hati ya uwakilishi, usimsainishe. Dirisha hilo limefungwa, na wakili atakayekubali kulifungua kwa mlango wa nyuma atakuletea kesi.

Hakuna hati? Kwa matunzo na matibabu ya kawaida, wahudumu na familia huamua pamoja kwa kufuata hatua ya 6. Kwa kuuza mali, kufunga akaunti au ugomvi mzito, nenda mahakamani ukaombe msimamizi, na uombe mamlaka finyu kadiri inavyowezekana. Kujua namba yake ya siri ya benki si mamlaka.

Fahamu pia kwamba upepo unageuka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 12, unataka mtu asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa. Peru ilibadili sheria zake mwaka 2018, Colombia 2019, na Sheria ya Ireland ya 2015 ya kumsaidia mtu kuamua ilianza kazi rasmi mwaka 2023. Mwanasheria akikwambia njia pekee ni kumvua ndugu yako haki zote kwa pamoja, muulize kama hakuna njia ya kumteulia msaidizi.

Na kuna mambo ambayo hakuna mtu anayemwamulia mwenzake. Sheria ya Uingereza inayataja waziwazi: kuridhia ndoa, kuridhia tendo la ndoa, na kupiga kura.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja mwenye mamlaka na karatasi au sheria inayompa.

## Hatua ya 6: Tafuta angechagua nini

Swali la hapa si "mimi ningefanya nini?" wala "binadamu wa kawaida angefanya nini?" Ni huyu, kwa mazoea yake, imani yake na ukaidi wake.

Mwaka 2015, pia Uingereza, mzee wa miaka 73 mwenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu alikataa kukatwa mguu. Tofauti na yule wa 1993, mahakama iliona hana uwezo wa kuamua jambo hilo. Jaji Peter Jackson alikwenda hospitalini akaketi naye. Kisha akaamua kwamba kumkata kwa nguvu hakukuwa kwa maslahi yake, ingawa kutomkata kungemletea kifo. Kukosa uwezo hakukuyafanya matakwa yake kuwa kelele tu.

Kusanya mambo haya daftarini:

- Anasema nini sasa, na mwili wake unasema nini? Kugeuza uso kila akiona dawa ni taarifa.
- Aliwahi kusema nini kuhusu watu wengine waliougua hivyo?
- Alifanyaje alipokuwa na hiari?
- Wanaomjua wanasemaje? Waulize "yeye angetaka nini?" Wakikujibu wanachotaka wao, rudia swali.

Andika njia zote, kwa kila moja faida, madhara, na jinsi inavyombana uhuru wake. Zikikaribiana, chukua inayombana kidogo zaidi. Kengele ya mlangoni kabla ya kufuli. Mtu wa kumsindikiza kabla ya kumzuia kutoka.

Onyo kuhusu dawa za kuficha: kumwekea mtu dawa ndani ya chakula bila kumwambia ni uamuzi mzito unaohitaji hatua zote hizi, pamoja na daktari na mfamasia. Vidonge vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole. Ukivisaga, dozi ya siku nzima inaingia kwa mara moja.

Anayefaidika na uamuzi aseme mapema, mbele ya wote. Mtoto anayeishi kwenye nyumba inayojadiliwa anaweza kutoa maoni, lakini asishike kalamu. Na anayelipa gharama za matunzo hajanunua haki ya kuamua. Hili huwakera watu, lakini ndivyo lilivyo.

Umefaulu ikiwa asiyekubaliana na wewe anakiri kwamba hoja yake imeandikwa kwa haki.

## Hatua ya 7: Tekeleza, andika, weka tarehe ya kurudi

Mweleze uamuzi hata kama unadhani hataelewa. Mweleze tena siku ya utekelezaji.

Kwa fedha: akaunti yake isichanganywe na yako, kila risiti ibaki, na usijipe zawadi wala mkopo. Miaka mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka nia yako njema, risiti zitakumbuka.

Familia ikigawanyika, jaribu kwanza msuluhishi asiye ndugu wala mdeni wa yeyote. Ikishindikana na jambo ni la uhai, makazi au mali kubwa, nendeni mahakamani mapema, kabla hatua isiyorudishika haijachukuliwa.

Huu hapa ni mfano wa ukurasa uliokamilika. Hauhitaji Kiswahili cha ofisini:

> *Tarehe 14, saa nne asubuhi. Jambo: baba ahamie chumba cha chini au abaki juu, kwa miezi mitatu ijayo. Ameanguka ngazini mara mbili.*
>
> *Tumeongea naye mara tatu, asubuhi, kifaa cha kusikia kikiwa masikioni. Tumempeleka akakione chumba. Kila mara amesema hajawahi kuanguka. Alipoonyeshwa kidonda, akasema ni cha mtu mwingine. Anaelewa ngazi ni nini, lakini hawezi kuipima hatari kwa sababu kumbukumbu ya kuanguka haipo. Daktari anakubali kwamba ni dimenshia.*
>
> *Anachotaka: dirisha. Amelitaja mara zote tatu. Hukaa hapo kila asubuhi.*
>
> *Njia: (a) abaki juu na mtu wa kumsindikiza ngazini, (b) ashuke, kiti chake kiwekwe kwenye dirisha la chini, (c) mlango wa juu ufungwe. Tumekataa (c). Tumechagua (a), kwa kuwa dada yupo nyumbani siku zote. Kaka alitaka (b). Sababu yake: dada naye ana mgongo mbaya.*
>
> *Kupitia tena: tarehe 14 mwezi ujao, au siku dada akisafiri, au baba akianguka tena.*